Mchezo wa Unafanyaje

Juzi nilikaa saluni nikipakwa rangi ya kuficha mvi, na yule binti alipofungua chupa ya pili harufu ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Akauliza kama dawa imeniingia machoni. Nikamwambia hapana, endelea tu. Ningemwelezaje kwamba kwa dakika ile sikuwa Dodoma wala sikuwa na mvi? Nilikuwa Ufipa, nina miaka kumi, nimelala kifudifudi kwenye baraza la saruji la baridi, pua iko juu ya karatasi ya ramani, na Sekela ananiuliza kwa sauti ya chini: "Lori halina breki. Unafanyaje?"

Wa rika langu mtaikumbuka harufu hiyo kama mliwahi kuingia ofisi ya ardhi. Ramani zilichapwa kwa dawa kali, karatasi ikatoka na mistari ya zambarau na harufu ya zizi lililofungiwa siku tatu. Baba yake Sekela alikuwa mpima ardhi. Alitoka Mbeya, Mnyakyusa mrefu mwenye suruali iliyonyooshwa hata siku ya kuvuka matope, na alikuja kukaa kijijini kwetu miezi minane akipima viwanja. Watu walimwita Bwana Ramani. Alipewa nyumba moja ya walimu pembeni ya shule, akaja na mkewe, watoto wawili wadogo, na binti mkubwa aliyeingia darasa letu la nne katikati ya muhula. Mwalimu alimketisha kwenye dawati langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwembamba.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Zamani Bibi, mama yake baba, alikaa ng'ambo ya kijito, chini ya kilima, kwenye kitongoji cha nyumba sita. Chemchemi ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Kisha wakaja watu wenye karatasi, wakachora mistari, na baada ya mavuno nyumba zote zikawa kwenye mistari. Baba na baba wadogo walibeba boriti za nyumba ya Bibi mabegani, wakaisimamisha upya kwenye kiwanja namba arobaini na moja, jirani na sisi. Maji yakawa mbali. Bibi hakulalamika mbele ya watoto, ila kila asubuhi alitoka nje, akajifunga kanga ya pili kwa ajili ya upepo, akasimama akitazama ng'ambo.

Mimi niliyaona mambo kwa mpangilio huo: kwanza karatasi, halafu nyumba. Kwa akili yangu ya miaka kumi nikapata siri ambayo niliamini watu wazima wanaificha. Kinachochorwa kwenye karatasi yenye harufu ile, hutokea.

Mchezo ulianza Jumamosi moja mchana, tulipomaliza kuchota maji. Sekela alituita mimi na kaka yangu Deusi nyuma ya nyumba yao, kwenye baraza lililojaa vigingi vya baba yake. Akakunjua ramani iliyoharibika, moja ya zile ambazo baba yake alizitupa kwa sababu mistari ilitoka miwili miwili, akaigeuza upande mweupe. Alikuwa tayari amechora nchi. Niliitambua mara moja. Kulikuwa na mji wa Sumbawanga na njia ya kupitia Pito, kulikuwa na Msanzi upande mmoja na Ziwa Rukwa upande wa pili, na katikati ule ukuta wa milima unaoteremka kwenda bondeni, Lyamba lya Mfipa, ameuchora kwa meno meno kama msumeno.

"Wewe ni nani?" aliniuliza.

"Si unanijua? Edigna."

"Edigna yuko hapa barazani. Humo ndani wewe ni nani?" Akagonga karatasi kwa kidole.

Sikuelewa. Deusi, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hapendi kuonekana mjinga, akasema yeye ni mwindaji. Sekela akamuuliza ana silaha gani, anaogopa nini, mbwa wake anaitwa nani. Deusi akajibu yote, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyokaa wima zaidi. Nikaona wivu. Nikasema mimi ni dereva wa lori la tani saba. Sijui nililitoa wapi. Sikuwahi kumwona mwanamke anayeendesha lori, hata kuota sikuwahi. Nilitegemea watanicheka. Sekela akaandika kwenye daftari, "Edigna, dereva, tani saba," akaniuliza, "Umebeba nini?"

"Ulezi. Magunia arobaini. Napeleka Milepa, bondeni, narudi na samaki."

"Sawa," akasema. "Umefika juu ya Lyamba. Ukungu umeshuka, huoni hata boneti. Ndani ya ukungu kuna kitu kinapumua. Unafanyaje?"

Kisha akatoa mfukoni dadu. Nilikuwa nimeyaona madadu ya vijana waliokuwa wakicheza kwenye gulio, yale ya pande sita. Hili lilikuwa na nyuso ishirini, jekundu, namba zake zimeanza kufutika. Kumi na moja kwenda juu, umefaulu. Chini ya hapo, umeshindwa. Ukipata moja, akasema Sekela, usiniulize, utaona mwenyewe.

Dadu alilipata Mbeya. Walikuwa jirani na mtaalamu mmoja wa barabara kutoka Ulaya, na mtoto wa mtaalamu huyo alikuwa na boksi la vitabu na madadu ya maumbo ya ajabu lakini hana wa kucheza naye. Akamfundisha Sekela kwa Kiswahili cha kubahatisha na ishara za mikono. Familia ile ilipoondoka alimwachia dadu moja. Vitabu aliondoka navyo. Kwa hiyo sheria nyingi Sekela alizitunga mwenyewe, na tulipomhoji alisema, "Ndivyo ilivyoandikwa," uso mkavu kabisa. Jina pia alilitunga yeye, Mchezo wa Unafanyaje, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote.

Siku ile nilipata mbili. Breki zikakatika. Lori likaanza kuteremka Lyamba, kona baada ya kona, Deusi na mbwa wake wako juu ya magunia nyuma, na lile jitu la ukungu linatufuata likiita majina yetu. Sekela hakupaza sauti hata mara moja. Kadiri hatari ilivyozidi ndivyo alivyozidi kunong'ona, nasi tukazidi kumsogelea mpaka vichwa vyetu vitatu vikagusana.  Nikasema namwaga ulezi barabarani, magurudumu yazame humo.  Sekela akasema hilo hakulitegemea. Akanipa dadu. Kumi na tisa. Lori likasimama gurudumu moja likining'inia hewani, na mimi nikagundua nimekaa nimeshika usukani wa hewa, na jua limeshahamia upande wa pili wa nyumba.

Kuanzia hapo sikuwa na kitu kingine kichwani. Shambani, tukikusanya nyasi na kuzifukia kwenye matuta yetu ya mviringo, niliona matuta yale ni mapango. Kanisani niliomba msamaha kwa kumwacha mbwa wa Deusi kwenye mto. Darasani, mimi na Sekela tulipitishiana vikaratasi: "Mlinzi amelala. Unafanyaje?" Mwalimu alikamata kimoja, akakisoma, akakigeuza kutafuta maana upande wa nyuma, akakirudisha.

Halafu likatokea jambo la daraja. Siku moja tulikwama kwenye kijito, na Sekela akachora daraja la magogo ili tuvuke. Wiki mbili baadaye kijiji kizima kilitoka kwa kazi ya kujitolea, na nikawaona wanaume wakilaza magogo palepale Sekela alipoweka kalamu. Leo najua alimsikia baba yake akilizungumzia daraja hilo mezani. Wakati ule nilisimama kwenye ukingo na ndoo yangu, nywele zimenisimama, nikamtazama Sekela kama mtu anavyomtazama padre akiinua kikombe. Sikumwuliza. Nilihisi ni jambo lisiloulizwa.

Lakini nilifanya hesabu zangu. Daraja lilichorwa upande mweupe wa ramani mbovu, likajengwa la magogo, na siku ya tatu likalegea. Kwa kitu cha kudumu, ilibidi ramani iwe nzima.

Ramani nzima ilikuwa ndani, juu ya meza ya Bwana Ramani. Ilikuwa na viwanja mia moja na kumi na nane, kila kimoja na namba yake. Jumatano moja mama yake Sekela alikuwa bustanini, na Sekela alikwenda kuchemsha maji. Nikaingia. Nilichukua penseli nyekundu ambayo Bwana Ramani aliitumia kusahihisha. Ng'ambo ya kijito, chini ya kilima, ambako karatasi ilikuwa tupu, nilichora kiwanja cha pembe nne. Niliiga mkono wake kadiri nilivyoweza. Pembeni nikachora chemchemi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeona kwamba kiwanja kisicho na namba si kiwanja, nikaandika ndani yake, vizuri kabisa: 119.

Siku tatu zilizofuata niliishi kama mtu aliyeficha keki. Kila nilipomwona Bibi amesimama akitazama ng'ambo nilitaka kumwambia asiwe na haraka.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Jumamosi kwenye uwanja wa shule, Bwana Ramani asome viwanja mbele ya wananchi. Alikuja Katibu kutoka tarafani, mtu mnene mwenye kofia, akaketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Sisi watoto tulikaa chini mbele. Bwana Ramani akatundika ramani ubaoni, akaanza kusoma namba na majina. Ilichukua muda mrefu. Alipofika mia moja na kumi na nane akakunja karatasi ya majina, na hapo mzee mmoja aliyeketi karibu na ubao akanyoosha fimbo.

"Na hiki cha mia na kumi na tisa ni cha nani?"

Bwana Ramani akageuka. Akaisogelea ramani. Kutoka nilipokaa niliona shingo yake ikikaza.

"Hiki sikijui," alisema.

"Ni kule tulikotoka," mzee akasema, na sasa alikuwa amesimama. "Ni kwa mama Sangu. Pana chemchemi hapo. Kama yeye amerudishiwa, mimi nyumba yangu ilikuwa jirani yake. Niandikeni mia na ishirini."

Mwingine akasimama, akataka mia na ishirini na moja. Akasimama wa tatu. Wanawake nyuma wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kwa Kifipa, na Bibi, ambaye ndiye huyo mama Sangu, alibaki ameketi na mkono mdomoni. Mwenyekiti wa kijiji alipiga meza. Katibu aliinuka, akaitazama ile namba nyekundu, akamtazama Bwana Ramani.

"Ndugu, nani alikutuma kurudisha watu kwenye mahame? Umeahidiwa nini?"

"Ndugu Katibu, naapa mkono huu si wangu."

"Penseli ni ya nani?"

"Penseli ni yangu."

 Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Bwana Ramani, na suruali yake iliyonyooshwa, angeweza kuchukuliwa mbele ya watoto wake kwa sababu ya namba tatu nilizoziandika. Nilitaka kusimama, sikuthubutu. Aliyesimama ni Sekela.

"Ni mimi," alisema. "Ulikuwa mchezo."

"Mchezo gani unachezwa kwenye ramani ya serikali?"

Sekela alikuwa na miaka kumi na moja. Mikono yake ilikuwa nyuma, na mimi niliyekuwa chini nyuma yake niliona vidole vyake vimelikamata dadu mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akaeleza. Alieleza kama alivyotueleza sisi, taratibu, na Katibu akawa anakunja uso kwa kutoelewa, mpaka Sekela akaacha kueleza.

"Mfano wewe, Ndugu Katibu. Uko juu ya Lyamba na gari. Ukungu umeshuka, huoni boneti. Ndani ya ukungu kuna kitu kinapumua. Unafanyaje?"

 Katibu alifungua mdomo kumkaripia. Lakini alikuwa mtu wa tarafani, njia ya Lyamba aliipita kila mwezi, na nadhani aliuona ukungu.

"Nawasha taa," alisema.

Watu wakacheka, si kwa dhihaka. Katibu mwenyewe alishtuka kujisikia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kidogo, "Zinawaka?"

Sekela akampa dadu. Katibu aliligeuza geuza mkononi, akalitupa mezani. Kumi na saba.

"Zinawaka," Sekela akasema. "Umeona gari lingine limekwama mbele yako. Ndani kuna mtu amefungwa mikono, anasema hakufanya kosa. Unafanyaje?"

 Katibu alimtazama Sekela, akamtazama baba yake, akakaa chini. Hapo nikathubutu. Nilisimama, nikasema si Sekela, ni mimi. Nilisema nilitumia penseli nyekundu siku ya Jumatano, na yeye hakuwepo.

"Kwa nini?"

"Nilitaka Bibi arudi kwake. Ikichorwa, inajengwa."

Hakuna aliyecheka. Katibu alivua kofia, akaikagua ndani kama aliyesahau kitu humo. Mwishowe akaomba kifutio. Akaifuta 119 yeye mwenyewe, kisha kiwanja, kisha chemchemi. Penseli nyekundu haifutiki vizuri. Ilibaki doa la waridi. Akasema ramani ichapwe upya mjini na Bwana Ramani apewe onyo kwa kuacha nyaraka mahali watoto wanapofika, basi, mkutano umefungwa. Wale wazee watatu walibaki wamesimama muda kidogo baada ya wengine kuondoka.

Mimi nililia kwa kwikwi. Kwangu mimi, nyumba ya Bibi ilikuwa imebomolewa mara ya pili, na safari hii niliona. Bwana Ramani, ambaye angekuwa na haki ya kunichapa, alichuchumaa mbele yangu.

"Edigna, karatasi haihamishi mtu," alisema. "Watu wanaamua kwanza. Halafu wananiambia mimi, nami nachora."

Alidhani ananifariji. Kumbe nilikuwa nimeishi mwaka mzima kwa amani nikiamini ni karatasi. Kwamba kulikuwa na watu waliokaa mahali, wakaamua, hilo lilinichukua miaka mingi kulimeza.

Nyumbani Baba alinichapa fimbo tatu, kwa unyonge wa mtu asiyeutaka wajibu wake. Sekela hakunisemesha siku nne. Siku ya tano dawatini nilimwambia anisamehe kwa yaliyompata baba yake. Akasema hakukasirikia hilo.

"Uliandika kimya kimya," alisema. "Kwenye mchezo unasema kwa sauti, wote wasikie. Ungesema tu. Bibi tungemrudisha siku hiyo hiyo."

Walibaki nasi mpaka kazi ilipokwisha, kisha wakahamishiwa mkoa mwingine. Aliniandikia barua mbili, nami nikamjibu zote, na baada ya hapo sikupata nyingine. Sijui kama yu hai. Dadu aliondoka nalo, kama ilivyostahili. Sisi tulitumia punje za mahindi zilizopakwa mkaa upande mmoja, na tulicheza mpaka Deusi alipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne, na kila darasa langu limesikia swali lile.

Lakini Jumamosi yao ya mwisho, Sekela alinifuata nyumbani mchana. Bibi alikuwa ameketi nje ya kiwanja arobaini na moja, akipukuchua maharage kwenye ungo. Tulimwamkia, shikamoo Bibi, akaitikia. Sekela akakaa kwenye gogo, akaniwekea dadu kiganjani.

"Leo unasema wewe," alisema. "Mimi kule ng'ambo sipajui."

Sikuwahi kuwa mimi wa kuuliza.  Nikamweleza Bibi kwamba ni mchezo tu, na ajibu akipenda. Bibi aliendelea kupukuchua.

"Bibi," nikasema, "ni asubuhi. Umeshuka bondeni, umefika kwenye kijito. Ng'ambo unauona kilima. Nyumba yako ipo, paa lote lipo. Unafanyaje?"

Maharage yalianguka kwenye ungo. Nilidhani hakusikia, au amesikia na ameudhika. Nilimtazama Sekela, yeye alimtazama Bibi tu, akisubiri, kama alivyotusubiri sisi siku zote.

Bibi akaweka ganda chini. Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Maji yamejaa," aliuliza, "au naweza kuvuka?"